Mafunzo ya kulipiwa na ofisi, nichague moja tu: kifurushi cha mtandaoni, cheti cha data au ukatibu wa kampuni?

Kalamu_Nyekundu
Wadau, habari za jioni. Mimi ni mwanasheria wa ndani, yaani nimeajiriwa na kampuni. Leo bosi kaniambia fungu la mafunzo mwaka huu linatosha kitu kimoja tu, na Ijumaa anataka jina la kozi mezani kwake. Nimechuja hadi zikabaki tatu:

A. Kifurushi cha mwaka mzima cha mihadhara ya mtandaoni iliyorekodiwa. Unaangalia unachotaka, saa unayotaka, na wanasema pointi zinahesabika, yaani zile za mafunzo ambazo chama cha mawakili kinadai ili leseni ihuishwe.
B. Cheti cha ulinzi wa data, CIPP/E.
C. Mitihani ya ukatibu wa kampuni (kuandaa vikao vya bodi na kutunza kumbukumbu zake) na utawala bora, ya Chartered Governance Institute.

Asubuhi nachagua B, mchana C, usiku naona bora A nipumzike. Ipi itanifaa?

Bibi_Vifungu
Kalamu, umekuja kama yule mteja anayefungua mlango, anasema "nimedhulumiwa", kisha ananyamaza. Una miaka mingapi kazini? Kampuni inafanya biashara gani? Kitengo chenu mko wangapi? Na kubwa kuliko yote, unadaiwa pointi ngapi kabla ya kuhuisha leseni, na mwisho lini? Bila hayo tutakupigia ramli.

MsomiWaUsiku
Mimi sihitaji majibu yake. B. Tangu GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu, ianze kutumika tarehe 25 Mei 2018, hakuna mkataba wa mtoa huduma unaofika mezani kwangu bila kiambatisho cha data, yaani masharti ya namna ya kutunza taarifa hizo. Faini yake inaweza kufika euro milioni 20 au 4% ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Na usidhani ni ya Wazungu peke yao: kampuni isiyo na hata dawati Ulaya, ikiwauzia bidhaa watu walioko huko, inaguswa. Nchi nyingi zimetunga sheria zinazofanana nayo, kwa hiyo ukiijua hiyo unasoma nyingine kwa wepesi. Mtihani ni maswali 90 kwa saa mbili na nusu. Nilijiandaa miezi mitatu, jioni tu, na nikafaulu.

Mzee_wa_Muhuri
Msomi, mwambie na upande wa pili wa shilingi. Cheti hicho nacho kina njaa yake: kila miaka 2 kinataka vipindi 20 vya mafunzo ili kisife, mbali na vile vya chama cha mawakili. Utakuwa na mabwana wawili.

Halafu kuna jambo ambalo wauza kozi hawalisemi. Siku kampuni ikitafuta afisa wa ulinzi wa data, macho yote yatamgeukia mwenye cheti. Ibara ya 38 ya GDPR hiyohiyo inataka afisa huyo asiwe na majukumu mengine yanayogongana na kazi yake. Wewe uliyeushauri uongozi ukusanye taarifa za wateja, kesho ukajikague mwenyewe? Nimemwona mkuu wa kitengo cha sheria akivishwa kofia zote mbili, na kila barua yake ikawa na harufu ya mtu anayejijibu.

Nakushauri C. Mwanasheria anayekaa kwenye kikao cha bodi hulisikia jambo likiwa bado bichi. Asiyekaa huletewa likiwa limeoza, na juu yake pameandikwa "tunaomba maoni ya kisheria kabla ya saa kumi".

mhasibu_mgeni
Samahani kuingilia kilinge cha watu. Sisi wa ACCA, chama cha wahasibu, tunajua moja: uniti 40 za mafunzo kwa mwaka, 21 ziwe na ushahidi, basi. Mbona nyie kila mtu ana hesabu yake?

Bibi_Vifungu
Kwa sababu kila chama kina kanuni zake, mgeni wetu. New York wakili mzoefu anadaiwa saa 24 kila miaka 2. California ni 25 kwa miaka 3. Uingereza na Wales walikuwa na saa 16 kwa mwaka, wakazifuta tarehe 1 Novemba 2016. Sasa solisita, yaani wakili wa huko, anajipima mwenyewe ana upungufu wapi, anaujaza, anaweka kumbukumbu. Wengine walishangilia. Mimi naona ni kumwachia paka aandike ripoti ya maziwa.

Tamko_la_Kiapo
Nimesubiri mtu amtahadharishe kuhusu A, naona kimya. Acha nieleze yaliyonipata, ni marefu, vumilieni.

Mwaka ule tulikuwa tunanunua kampuni nyingine, na mimi ndiye niliyeshika chumba cha nyaraka. Toka Februari hadi Septemba sikuona jua. Mafunzo? Nani ana muda. Oktoba nikakumbuka pointi, nikanunua kifurushi kama hicho cha kwako. Kwenye tangazo pameandikwa kwa herufi kubwa "KINATAMBULIKA". Nikafurahi kama mtoto. Nilikuwa naangalia mihadhara nikinyoosha nguo, nikiwa kwenye foleni, mwingine nimeuangalia mara mbili kasi ya kawaida, mhadhiri akisikika kama kasuku. Kila mwisho wa mhadhara unabonyeza kitufe, cheti kinashuka. Nikakusanya vyeti kumi na tisa, nikavipanga kwenye faili, nikavituma wiki ya mwisho ya Novemba.

Jibu likaja baada ya siku nne. Kwanza, kutambulika kwenyewe kulikuwa kwa chama cha nchi nyingine, siyo changu. Pili, hata kama mtoaji angetambulika, chama changu kina ukomo wa pointi za kujisomea, na mihadhara iliyorekodiwa wanaihesabu humo. Tatu, sikuwa na hata kipindi kimoja cha maadili ya taaluma, na hicho ni lazima. Vyeti kumi na tisa vikageuka viwili na nusu.

Desemba nzima nikawa natafuta semina za ana kwa ana kama mtu anayetafuta dawa usiku. Nilikaa siku mbili kwenye semina ya mirathi. Mirathi! Mimi wa mikataba ya ununuzi wa kampuni. Siku ya pili mzee mmoja pembeni yangu akaniuliza ninashughulikia mirathi ya nani, nikamjibu "ya kwangu".

Nilipowaandikia wauzaji wa kifurushi wakaninukulia masharti yao, kifungu cha chini kabisa: mnunuzi atajiridhisha mwenyewe na kanuni za chama chake. Nilikuwa nimeweka tiki kwamba nimesoma.

MsomiWaUsiku
Wakili aliweka tiki bila kusoma. Pole lakini nimecheka.

Tamko_la_Kiapo
Cheka tu mkuu, na wewe umeweka tiki ngapi wiki hii?

Bibi_Vifungu
Tamko kasema la maana sana. Hiyo California niliyoitaja, angalau nusu ya zile 25 lazima ziwe za kushiriki, yaani mtoaji awe na njia ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Kalamu, kabla ya kumpa bosi jina lolote, andikia chama chako swali moja: "mtoaji huyu, kozi hii, mnaipa pointi ngapi na za aina gani?" Jibu lao ndilo ushahidi, siyo tangazo.

Njia_Panda
Mimi nauliza kitu ambacho kinanisumbua siku zote. Mwanasheria wa ndani pointi za nini? Hasimami mahakamani, hana mteja wa mtaani. Wengi ofisini kwetu wameacha leseni zilale na mishahara inaingia vilevile.

Mzee_wa_Muhuri
Mwanangu, hapo umekanyaga moto. Siku wakaguzi wa serikali wakiingia ofisini na kuchukua kompyuta, ndipo utajua tofauti ya wakili na mfanyakazi aliyesoma sheria. Siri kati ya wakili na mteja, sehemu nyingi, inaanza na swali: huyu aliyeandika ni wakili mwenye leseni hai?

Njia_Panda
Shikamoo mzee. Lakini Ulaya hata ukiwa na leseni hawakukubali. Kesi ya Akzo Nobel, 2010. Tume ya Ulaya iliingia ofisini kwao 2003, ikachukua barua pepe kati ya meneja mkuu na mwanasheria wa ndani ambaye alikuwa mwanachama kamili wa chama cha mawakili Uholanzi. Mahakama ikasema aliyeajiriwa hana uhuru sawa na wakili wa nje, kwa hiyo hakuna siri. Sasa leseni ilimsaidia nini?

Mzee_wa_Muhuri
Marahaba. Hiyo ni kwa uchunguzi wa ushindani wa kibiashara unaofanywa na Tume yenyewe, usiitandaze kama mkeka. Marekani tangu kesi ya Upjohn ya 1981 mazungumzo ya wafanyakazi na mwanasheria wa kampuni yanalindwa kama yalikuwa ya kutafuta ushauri wa kisheria. Tena hapo ndipo wenzetu wengi wanapojikwaa: ukitoa ushauri wa biashara na wa sheria kwenye barua pepe moja, umeyachanganya maji na mafuta ya taa. Somo hilo sijaliona kwenye kifurushi chochote, nililipata kwa kukosolewa.

mhasibu_mgeni
Kwa hiyo zile barua pepe ambazo mwanasheria wetu anaandika SIRI juu na kumnakili kila mtu ofisini…

Mzee_wa_Muhuri
Mwambie aache leo.

MsomiWaUsiku
Tumehama. Ila kwa kuwa tumehama, niongeze chaguo D: kozi ya akili unde kwa wanasheria. Juni 2023 mawakili wawili New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walitozwa dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Sisi wa ndani hatupeleki mahakamani, lakini idara ya mauzo tayari inatuletea mikataba "iliyoandikwa na mashine", tuisome kwa dakika tano.

Bibi_Vifungu
Msomi, kwa hilo kozi ya kazi gani? Nenda kasome kesi yenyewe, hukumu iko mtandaoni bure. Kosa lao halikuwa la mashine. Walipoulizwa kama hizo kesi zipo, wakashikilia. Hiyo ni maadili, na maadili tayari ni pointi za lazima.

MsomiWaUsiku
Bibi, mwongozo wa kutumia vyombo hivyo ofisini ataandika nani kama si sisi? Nani anajua data ya mteja inakwenda wapi ukiibandika mle ndani? Tunarudi palepale, B.

Bibi_Vifungu
Kila njia kwako inaishia B. Ungeshindwa mtihani ule ungetuambia data ni upuuzi.

Kalamu_Nyekundu
Samahanini, nilikuwa kikaoni mchana kutwa. Majibu ya Bibi: miaka sita kazini. Kampuni ni ya usafirishaji mizigo na maghala. Kitengo tuko wawili, mimi na bosi. Pointi nimebakiza mbili, zote za maadili. Bodi sijawahi kuingia, bosi ndiye katibu, ila anastaafu baada ya miaka mitatu hivi. Wateja wakubwa ni wa nje, na ni kweli viambatisho vya data vinakuja kila wiki, huwa namtumia wakili wa nje.

Ah, na kuna fomu ya kusaini, kwamba nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha gharama. Hiyo nadhani ni kawaida.

Mzee_wa_Muhuri
Bosi ndiye katibu na anastaafu! Hilo ndilo ulilificha tangu juzi? C, na uanze kesho. Muombe akuingize kikaoni uandike kumbukumbu, hiyo haina gharama.

MsomiWaUsiku
Na viambatisho vya kila wiki anavyomlipa wakili wa nje vipi? Akivisoma mwenyewe, hiyo akiba peke yake inalipia kozi. Ampelekee bosi hesabu ya ankara za miezi sita, aone.

Tamko_la_Kiapo
Mimi nimekwama kwenye hiyo fomu. Kalamu, tuwekee maneno yake.

Kalamu_Nyekundu
"Mfanyakazi atarejesha gharama zote za mafunzo endapo ajira yake itakoma ndani ya miezi 24 kwa sababu yoyote ile."

Bibi_Vifungu
Sababu yoyote ile? Hata wakikupunguza kazini? Hata kitengo kikifungwa? Na "zote" hata ukibakiza wiki moja?

Tamko_la_Kiapo
"Gharama" ni ada tu au na nauli, na siku ulizokosekana ofisini? Haijasema. Nani kaiandika hii?

Kalamu_Nyekundu
Mimi. Mwaka juzi, kwa ajili ya idara ya mauzo.

mhasibu_mgeni
😂😂😂

Mzee_wa_Muhuri
Basi unajua pa kuirekebishia. Weka kwamba deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, liwe halipo kabisa mwajiri akikuondoa bila kosa lako, na gharama zitajwe kwa kiasi, siyo kwa neno "zote". Ila usiirekebishe kwa ajili yako peke yako, una mgongano wa maslahi hapo. Mpe bosi aiandike yeye, iwe ya wote.

Bibi_Vifungu
Na hao wa mauzo waliokwisha kusaini?

Njia_Panda
Hapo sasa. Mwenye kesi iliyoamuliwa kuhusu vifungu vya namna hii anitumie pembeni. Na mimi nimesaini kimoja kama hicho, Machi.