Feni ya laptopu inavuma usiku: je, prosesa inaweza kupunguzwa nguvu kwenye Linux?

Mama_Nakala (Tabata)
Habari za jioni, ndugu zangu. Kazi yangu ni kuandika mahojiano kutoka kwenye rekodi, nami huifanya usiku watoto wakishalala. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel Core i5-8250U na inatumia Ubuntu. Kila ninapofungua hata ukurasa mmoja wa intaneti, feni inavuma kwa sekunde kadhaa, inatulia, kisha inavuma tena, na mzungumzaji mwenye sauti ya chini simsikii tena ingawa nimevaa hedifoni. Fundi wa Kariakoo amekwisha kuitoa vumbi na kubadilisha pesti ya kupozea. Je, naweza kuizuia prosesa isijitutumue kiasi hicho bila kuiharibu?

Fundi_Ubungo
Dada, pole. Feni inayovuma na kutulia kwa namna hiyo mara nyingi inafuata turbo, yaani prosesa kujiongezea kasi kwa muda. Kasi ya msingi ya prosesa yako ni gigahezi 1.6, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 3.4, kasi ikipanda hudai volteji zaidi, na kwa kuwa matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volteji, joto linaongezeka kupita kasi unayoipata. Chumba cha Dar mwezi wa pili nacho hakina hewa baridi ya kuisaidia feni. Zima turbo kwa amri hii:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Ukiweka 0 badala ya 1, turbo inarudi. Hakuna kinachoharibika.

Kaka_wa_Kigamboni
Naheshimu jibu la hapo juu, ila mimi ningeanza na hatua ya upole zaidi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Ubuntu chagua hali ya kuokoa nishati, au andika:

powerprofilesctl set power-saver

Hapo prosesa inaambiwa ithamini utulivu kuliko wepesi. Usisakinishe TLP, programu nyingine ya kuokoa umeme, juu yake, kwa sababu TLP na hiyo ya Ubuntu hugusa mipangilio ileile na kila moja itafuta kazi ya mwenzake. Vilevile, ukikuta gavana (kanuni ya Linux ya kupanga kasi ya prosesa) imeandikwa «powersave», usidhani kwamba prosesa imeshafungwa kwenye kasi ya chini. Kwenye intel_pstate, yaani draiva ya Linux inayosimamia kasi ya prosesa za Intel, gavana hiyo bado hupandisha kasi kadiri kazi inavyodai, na wengi huhangaika hapo bure.

Mama_Nakala (Tabata)
Nawashukuru sana, kaka zangu. Nilianza na hali ya kuokoa nishati: kelele zilipungua, lakini kila nilipofungua ukurasa mzito feni ilishtuka. Nikazima turbo. Jana usiku nimemaliza rekodi ya saa nzima, na kwa mara ya kwanza nilisikia mzee mmoja akivuta pumzi kabla ya kujibu swali. Kurasa zinachelewa kidogo kufunguka, nami nimeridhika. Tatizo ni kwamba leo asubuhi nilipoiwasha, kelele zimerudi.

Fundi_Ubungo
Ni kawaida, dada. Thamani hiyo haidumu kompyuta ikizimwa. Tengeneza faili /etc/tmpfiles.d/turbo.conf lenye mstari huu mmoja, nao utasomwa kila unapowasha:

w /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo - - - - 1