Ushauri: Hakuna aliyeona mtoto akipigwa. Kesi itasimama kweli?

MamaMkubwa
Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu. Mtoto wa mdogo wangu, miaka 3, amefariki mwezi uliopita. Mama yake alisafiri siku nne kufuata mzigo, akamwacha na mumewe, baba wa kambo wa mtoto. Sisi bwana alitupigia simu kwamba mtoto kateleza bafuni. Zahanati akasema kaanguka kitandani.

Mimi ndiye niliyemvalisha nguo za mwisho. Mgongoni alikuwa na alama zilizojikunja kama kitanzi, upana wa waya wa pasi. Nyingine mbichi, nyingine zimeshakauka. Nikakumbuka Pasaka alivyovalishwa sweta na jua linawaka, nami sikumvua. Hilo haliniachi.

Bwana yuko rumande, na daktari wa serikali ameshafanya uchunguzi wa mwili. Ila ndugu zake wanakuja kila Jumapili: hakuna aliyeona, tuyamalize kifamilia. Mdogo wangu ameanza kulegea. Bila shahidi wa macho, mtu anaweza kutiwa hatiani?

WakiliKijana
Pole sana dada. Anaweza, kwa ushahidi wa mazingira, yaani mambo yanayozunguka tukio pasipo aliyeona, lakini kipimo chake ni kigumu. Rufaa ya Simon Musoke ya 1958, iliyotoka Uganda, hadi leo inatajwa kwenye hukumu za Tanzania na Kenya: mambo yote yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na yeye kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa njia nyingine yoyote ya maana. Mtu wa mwisho kuwa na marehemu akikosa maelezo ya kuridhisha, hilo linamlemea sana. Akibadilisha maelezo, linamlemea zaidi. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Sasa nijibu: siku hizo nne, nani mwingine alikuwemo humo ndani?

MamaMkubwa
Dada wa kazi. Aliondoka Jumamosi kwenda kwao, mtoto kafa Jumatatu alfajiri. Na mtoto wa jirani, miaka 8, anasema alisikia.

WakiliKijana
Hapo kwa dada wa kazi ndipo utetezi utakapopita. Watasema kampiga yeye akaondoka. Atafutwe sasa, mpelelezi aandike maelezo yake, basi alilopanda, saa aliyofika kwao, mtoto alikuwaje alipomwacha. Msimchukulie kama adui.

NesiMzee
Nimekaa wodi ya watoto miaka 19. Mtoto anayekimbia huumia goti, kidevu, paji la uso. Sakafu ya bafuni haimchori mtu kitanzi mgongoni. Ule ni waya uliokunjwa. Na vidonda vya nyakati tofauti haviwezi kuwa vya kuanguka mara moja. Dada, kuna daftari la zahanati. Saa aliyofika na maneno aliyosema huandikwa mle. Mkumbushe mpelelezi alipate mapema.

AfandeMstaafu
Mama, ile sweta ya Pasaka imo kwenye maelezo yako ya polisi? Kama haimo, rudi ukaandike maelezo ya nyongeza. Sema ulichoona tu. Usiseme ulijua anampiga kama hukujua. Wakili wake atakubana hapo, na yale ya kweli nayo yatatiliwa shaka.

Mtoto wa jirani msimfundishe hata neno moja. Tangu 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo.

Hao wa Jumapili waambieni kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, mdogo wako hana uwezo wa kuifuta. Wakiendelea kumshinikiza, toeni taarifa.

WakiliKijana
Naongezea. Jiandaeni kumsikia akisema alikuwa anamrudi mtoto tu. Katika rufaa ya Enock Kipela, Mahakama ya Rufani ilitaja yanayoonyesha nia ya kuua au kudhuru vibaya: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, mwenendo kabla na baada ya tukio. Nia isipothibitika inakuwa kuua bila kukusudia, na hiyo nayo inaweza kufika kifungo cha maisha.

MamaMkubwa
Nimempata dada wa kazi kwa namba ya mama yake. Alianza kulia kabla sijamaliza kujitambulisha. Nikamwambia asiniambie mimi, akamwambie mpelelezi. Nimemtumia nauli, kesho asubuhi anapanda basi.