Mwenye homurani 4 kamshindaje mwenye 54? Nisaidieni

dereva_machame
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa watalii hapa Moshi: nawapokea uwanja wa ndege wa KIA, asubuhi nawapandisha geti la Machame la kupandia Kilimanjaro. Mwezi uliopita nilimbeba mzee mmoja wa San Diego na binti yake, njia nzima ni besiboli tu. Aliposhuka mlimani akaniachia kofia yake ya Padres, timu yao ya huko, ina jasho la siku saba, nimeifua mara mbili. Tangu hapo nafuatilia. Mechi zao za usiku kwetu ni karibu saa 11 alfajiri, na muda huo mimi niko macho naosha gari.

Sasa mzee kasema kinara wa upigaji wa National League (moja ya ligi mbili kubwa za Marekani, nyingine American League) mwaka 2024 ni Luis Arráez, aliyekuwa wao mwaka huo. Nimeangalia, kweli, 0.314. Lakini msimu mzima ana homurani 4, yaani mapigo ya kuvusha uzio! Shohei Ohtani wa Dodgers ana 54 na yuko nyuma yake kwa 0.310. Kijiweni stendi wananicheka, eti ni kama kumpa beki kiatu cha mfungaji bora.

hesabu_njiro
Aisee, kijiwe kinakupotosha. Namba hiyo haiulizi mpira umefika wapi. Chukua mapigo yaliyomfikisha mtu beisi salama, gawa kwa zamu alizopiga. Arráez 200 kwa 637, Ohtani 197 kwa 636. Kaudondoshea nyuma ya mlinzi au kauvusha uzio, ni pigo moja. Wamepishana mapigo matatu tu! Halafu Arráez alitolewa kwa straiki tatu, bila kuupiga mpira ndani ya uwanja, mara 29 msimu mzima, Ohtani 162. Na usidhani alibahatisha: 2022 aliongoza American League akiwa Twins, 2023 National League akiwa Marlins.

mangi_kibosho
Hesabu nimeikubali, ila kusema Arráez ni zaidi ya Ohtani, hapana. Warushaji wanamwogopa Ohtani. Akirushiwa mipira minne mibovu anatembea bure mpaka beisi ya kwanza, na mwaka huo alitembea mara 81, Arráez 24. Kutembea hakuhesabiwi kabisa kwenye hiyo 0.310. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi alichukua nani? Ohtani, kwa kura zote. Sasa wewe mrushaji ungemwogopa nani akishika gongo? La mti, siyo lile la chupa.

mama_usariver
Mgeni wako akirudi mtajie Tony Gwynn, wa San Diego hukohuko. Mwaka 1996 aliumia, akasimama kupiga mara 498, na sheria inataka 502 ili uhesabiwe kinara. Wakamwongezea zamu nne hewa, zote za kukosa. Akashuka kutoka 0.353 hadi 0.349 na bado akaongoza ligi.

dereva_machame
Shikamoo mama. Kumbe! Mzee alimtaja huyo Gwynn tunapita Boma Ng'ombe, kisha akanyamaza mpaka mjini. Nilidhani ni ndugu yake marehemu.
Mangi, hiyo ya kutembea bure naenda nayo stendi kesho. Ila kabla ya hapo nina wageni wanne wa Boston. Nianze na nani?

hesabu_njiro
Ted Williams wa Boston hukohuko, 1941, alipiga 0.406. Taja hilo jina ukiwa umeshajaza mafuta, maana hutapata nafasi ya kusema tena mpaka getini.