Ubora wa bidhaa unapimika au kila mtu na macho yake?

Kiraka77:
Wakuu habari. Juzi nimebishana na bro wangu hadi tukanuniana, kisa hedifoni. Nimenunua zangu nikampa asikilize, kavaa hata dakika haijaisha kazivua, "hizi takataka, besi iko wapi?" Nikamwambia masikio yako ndo yameharibika na besi, humu unasikia hadi mwimbaji akivuta pumzi. Akanijibu ubora hauna mwenyewe, kila mtu na anachokipenda. Sasa naulizeni, kuna ubora ambao upo tu hata kama hakuna anayeupenda, au tunapigiana kelele bure? Maana kama ni maoni basi hata neno feki tulifute. Na msinijibu "inategemea", hiyo nimeshaisikia.

FundiSindano:
Mi nakarabati mabegi, nitaongea ya mezani kwangu. Begi likiletwa kitu cha kwanza naligeuza ndani nje, huko nje ni mapambo tu. Naangalia pale mkanda unapoungana na begi, kashona kaboksi kakapitisha na msalaba katikati au kapiga mstari mmoja kaondoka zake? Naangalia kaacha kitambaa kiasi gani pembeni ya mshono, maana akibana sana uzi unabaki mzima halafu kitambaa ndo kinafumuka na hapo hata mimi sina cha kushika. Halafu zipu, naipeleka mara kadhaa kwenye kona, zipu mbovu utaijulia konani sio kwenye mstari ulionyooka. Hapo hamna maoni bro, mkanda wa mstari mmoja ukibeba mzigo utang'oka tu uupende usiupende. Wateja wananiambia "lakini lilikuwa zuri", ndio lilikuwa zuri, sijakataa.

mpingaji_mkuu:
Fundi nakukubali ila umepenyeza kitu kimyakimya, umeshaamua ubora maana yake kudumu. Nani kasema? Chukua glavu za daktari, zinavaliwa kwa mgonjwa mmoja zinatupwa, ukizitengeneza nene zikae mwaka mzima daktari hahisi hata mshipa wa mgonjwa uko wapi, umetengeneza glavu imara na mbovu kwa wakati mmoja. Hata wakubwa wa fani ya kusimamia ubora viwandani hawakukubaliana, Juran alisema ubora ni kitu kufaa kwa matumizi yake, Crosby akasema ni kutimiza masharti yaliyowekwa. Ukimsikiliza Crosby, hedifoni ikitoka kiwandani kama ilivyochorwa imekidhi, hata kama aliyeichora hana masikio. Kwa hiyo kupima unaweza, ila unapima NINI hapo ndo anaingia mtu na haja zake. Bro wako anataka kutikisika we unataka kusikia pumzi, mnapima vitu viwili kwa jina moja.

Na wale wa "kampuni ina cheti cha ISO 9001" nao watulie, kile kinahusu kampuni inavyoendesha shughuli zake, hakijasema bidhaa ni nzuri.

Nyuzi4:
Mnaongea kana kwamba maoni ya mtu ni yake kweli. 2010 kule Indianapolis watafiti waliwaita wapiga fidla 21 wakawavisha miwani ya kuchomelea vyuma wasione kitu, wakawapa fidla 6, tatu mpya na tatu za kale, mbili kati ya hizo za kale ni Stradivarius, zile za Kiitaliano zenye jina kubwa duniani. Iliyopendwa kuliko zote ikawa mpya, na iliyoshika mkia ni Stradivarius mojawapo! Watu waliozaliwa na fidla begani hao. Ungewatoa miwani nadhani wangekuambia kitu kingine kabisa. Kwa hiyo Kiraka77, kabla hujamtukana bro wako, fungeni macho wote wawili mtu wa tatu awabadilishie. Ila sauti ziwe sawasawa, ile yenye sauti kubwa kidogo siku zote masikio yanaiona bora.

FundiSindano:
@mpingaji_mkuu ya glavu umenipiga, nakiri. Ila hata hiyo glavu ikitoboka katikati ya kazi hamna daktari atakayesema ni suala la ladha.

Kiraka77 hebu cheki pale hedifoni zinapokunjwa, ile bawaba ni chuma au plastiki?

Kiraka77:
Tumefanya jana usiku, sista ndo alikuwa anabadilisha. Bro kazijua zake mara zote, kwa hiyo hiyo besi kweli anaipenda, sio jina. Mimi nimekosea mara 2 kati ya 5, na moja nimezisifia zake, hadi sasa hivi bado ananicheka.

Fundi, ni plastiki. Na baada ya kusoma swali lako nimemulika na tochi ya simu, upande wa kushoto tayari kuna kaufa.

FundiSindano:
Acha kuzikunja basi.