Naomba ushauri: "Kurios" ni Bwana yupi?

Bwana asifiwe wapendwa. (Na hilo "Bwana" ndilo lililonileta hapa.)

Jumapili nina zamu ya kufundisha vijana Yohana 20. Mstari wa 15 Mariamu Magdalena anadhani anaongea na mtunza bustani, anamwita "Bwana". Mstari wa 28 Tomaso anamwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu". Nimeangalia Kigiriki, neno ni lilelile, kurios. Sasa kijana akiniuliza kwa nini kwa Mariamu ni heshima tu, kama tunavyosema "mzee samahani", na kwa Tomaso ni ibada, nimjibu nini? Nijuavyo, Agano la Kale la Kigiriki linatumia kurios hilohilo mahali pa jina la Mungu, lile ambalo Biblia yetu ya Union huandika BWANA kwa herufi kubwa. Lakini 1 Petro 3:6 Sara naye anamwita Ibrahimu kurios, na huyo ni mume tu!

Halafu kuna despotes, neno jingine la Kigiriki. Simeoni analitumia kwa Mungu, Luka 2:29, na 1 Petro 2:18 linatumika kwa mabwana wa watumishi. Kiswahili chetu kote huko ni "bwana".

Waliosoma Kigiriki chuoni: muktadha pekee unatosha kuamua, au kuna dalili ndani ya sarufi yenyewe? Na hizi kurios na despotes zinatofautianaje hasa? Naomba majibu kabla ya Jumamosi jioni, tafadhali.