Wakuu, .45-70 ya leva nijazie nini? Kichwa kinazama ndani ya ganda

TekeLaBega:
Wakuu salama? Nna Marlin 1895 ya .45-70, ile ya kuvuta leva yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, leseni ya bunduki na kibali cha kujaza risasi mwenyewe vyote ninavyo msije mkaanzia huko. Nawinda nguruwe mwitu vichakani, mara nyingi yadi 50 mpaka 80, mara mojamoja 120. Nimenunua vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) vya uzito wa greni 500, kaliba .458, ncha ya mviringo, koti la shaba gumu, na baruti ni IMR 3031. Vipimo nimepewa na jamaa yangu kwenye karatasi, kavitumia mwaka wa pili huu, nikaanzia cha chini kabisa. Sasa bega limevimba mpaka kuvaa shati ni shughuli, ila hilo navumilia. Kinachonitisha ni kwamba nilifyatua tatu, nikachomoa ya nne kwenye magazini nikaona fupi, kuipima kwa kalipa kichwa kimezama milimita 2 nzima. Praima (kile kiwashio cha kitako cha ganda) zinatoka safi, kingo za mviringo, wala hazijabonyea, so naona presha iko poa na bado naweza kupanda kidogo? Naombeni ushauri.

ShabahaMoja:
Mkuu ishia hapo hapo, usifyatue hata moja. Kichwa kikizama nafasi ya baruti inapungua, presha inapanda, tena kwa kichwa kizito kama hicho. Bunduki ikipiga teke risasi zote zilizopanga foleni kwenye bomba zinagongana, halafu springi nayo inasukuma, kwahiyo kama mdomo wa ganda hujaubana kwenye mfuo wa kichwa (ule mchirizi unaokizunguka) lazima kitazama tu. Umebana au umekiingiza ukaacha hivyohivyo?

Na hiyo karatasi, jamaa yako ana bunduki gani?

TekeLaBega:
Nimebana kidogo. Mengine yamebana sana mengine hata kucha inapita, sijui kwanini. Ngoja nimuulize jamaa.

ShabahaMoja:
Kwasababu maganda hayalingani urefu. Daisi ya kubania, kile chuma kinachokunja mdomo wa ganda, unaiseti mara moja, ganda refu linakunjwa kupita kiasi, fupi haliguswi. Kata yote yawe sawa, mwisho kabisa ni inchi 2.105, na risasi nzima isizidi inchi 2.55 maana hiyo Marlin ikizidi hapo inakwama pale inapopandishwa kwenda chemba.

TekeLaBega:
Jamaa kajibu. Ana Ruger No. 1 😐

MamaBaruti:
Nilijua tu. Mdogo wangu, .45-70 ni ganda moja lenye ngazi tatu. Iliingia jeshi la Marekani mwaka 1873 na baruti nyeusi greni 70 nyuma ya kichwa cha greni 405, na zile Springfield za zamani bado zipo watu wanazipiga, ndio maana SAAMI, wale wa Marekani wanaoweka viwango vya risasi, mpaka leo wameweka kikomo cha presha cha psi 28,000. Vitabu vya vipimo vinakuwa na kurasa za Springfield, kurasa za leva za kisasa kama yako, halafu za Ruger No. 1 ambayo ni chuma cha risasi moja moja, inabeba mzigo ambao leva haitakiwi hata kuuonja. Cha chini cha Ruger kinaweza kuwa juu ya kilele chako wewe. Fungua kitabu cha kiwanda cha baruti au cha kichwa, ukurasa wa leva, kichwa kilekile ulichonacho, anzia cha chini cha hapo. Vipimo vya karatasi ya mtu hata mimi usichukue vyangu.

Praima sasa, hapo ndo wengi mnaponaswa. Praima inaanza kulala bapa kwenye presha za juu sana, zile za bunduki za bolti. Kwa leva yako ukisubiri ibonyee ushapita kikomo zamani. Kutoka safi hakukwambii kitu.

Zote ulizojaza chomoa vichwa, usiseme zilizobaki ni chache ngoja nizimalize.

RisasiYaRisasi:
Mama kamaliza, naongeza la kichwa. Vile vya greni 500 vya koti gumu vimetengenezwa kwa ajili ya .458 Winchester Magnum, kitu kinachokwenda futi 2,000 na zaidi kwa sekunde, kwa spidi yako havitanuki, vinapita kama msumari na nguruwe anakukimbilia porini. Chukua 300 mpaka 405, laini, ncha bapa. 405 kwa futi 1,300 yadi 80 nguruwe haulizi swali la pili. Ila ukiseti darubini yadi 100, ukifika 200 imeshashuka kama futi 2, kwahiyo mbali achana nako.

Ncha kali marufuku kwenye bomba, inakaa juu ya praima ya mwenzake wa mbele. Vile vichwa vya FTX vya kampuni ya Hornady, vyenye ncha laini, vinaruhusiwa ila ganda linakatwa fupi kuliko kawaida, kwa anayeanza ni kujitafutia kazi.

Mimi nayeyusha madini ya risasi namimina vichwa mwenyewe, ndo jina langu hilo, lugha yetu imetupa neno moja kwa vyote viwili. Kichwa cha .459 hakichafui mtutu kama kinakaa sawa.

ShabahaMoja:
Na asije akakimbilia baruti zinazoungua haraka sababu zinatumika kidogo. Ganda hili ni pipa, ukiweka mara mbili kwa bahati mbaya halijai na hujui. Bora inayojaza, ukikosea inamwagika unaona.

TekeLaBega:
Mrejesho. Nimechomoa 37, mkono unauma kuliko bega. Maganda nimeyapima, manne yalikuwa marefu kupita kiasi. Nimenunua 405 ncha bapa, 3031 ileile, cha chini cha ukurasa wa leva, nimebana kwenye mfuo. Nikapiga tano nikiwa nimeiacha moja ileile kila mara kwenye bomba, naipima kabla na baada, haijasogea hata nywele. Yadi 100 tatu zimekaa ndani ya kiganja. Jamaa anasema ni mzigo wa kitoto.

MamaBaruti:
Mwambie nguruwe hasomi kronografu, ile mashine ya kupima spidi ya risasi.