Tamthilia za vita: mwandishi akikataa kuhukumu ni ujasiri au uoga?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu nimemaliza Death and the Maiden, tamthilia ya Ariel Dorfman, mwandishi wa Chile, ile ya Paulina, mama aliyeteswa enzi za udikteta halafu miaka kibao baadaye anasikia sauti ya daktari mmoja nyumbani kwake anaapa ndo yeye, anamfunga kwenye kiti na kesi inaanza hapohapo. Sasa mpaka mwisho hatuambiwi kwa uhakika jamaa ndiye au siye, wala kama kauawa! Nimekereka. Mambo ya mateso unayaachaje hewani hivyo, si uoga huo?

Kalamu Kavu:
Rudia mkuu. Kwamba Paulina aliteswa hilo halina ubishi, ubishi uko kwenye nini kifanyike sasa. Mumewe ni mwanasheria, kateuliwa kwenye tume, na tume inachunguza waliokufa tu, yeye kwa vile alipona kesi yake haimo. Chile ndo walipitia hayohayo, dikteta wao Pinochet kaachia urais 1990 lakini jeshi kabaki nalo mpaka 1998. Ungekuwa Paulina ungepeleka wapi malalamiko? Ndo maana mwishoni kinashushwa kioo kikubwa, watazamaji wanajiona wenyewe.

Bi Shaka:
Mi sijakubali sana. Wapo wanaoufanya utata kichaka cha kujifichia, muuaji anapewa utoto wa shida na hotuba tamu, aliyeuawa hana hata jina, alafu tunaambiwa kila mtu ana ukweli wake. Hapana bana. Hata Brecht, yule mwandishi wa tamthilia Mjerumani, ilimsumbua, Mama Courage wake anafanya biashara na majeshi na vita hiyohiyo inammalizia watoto wote watatu, ilipooneshwa mara ya kwanza 1941 watu wakamwonea huruma, jamaa akarekebisha baadhi ya sehemu aonekane mroho zaidi na bado wakalia 😂

Mzee wa Pazia:
Na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, yule wa vita vya Majimaji, mnamwacha? Maji hayazuii risasi, watu wameisha, Mjerumani anamtaka aseme tu kwamba maji ni uongo. Anagoma, maana akisema hivyo watoto wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Sasa huyo ni mwongo au shujaa? Shuleni nilijibu shujaa nikapewa maksi zangu, leo ukiniuliza nakaa kimya kwanza nawafikiria waliopakwa yale maji wakaenda mbele.

Msomaji wa Usiku:
Kalamu, kile kioo nilikiruka, nilidhani ni maelekezo ya mafundi wa jukwaa tu. Ngoja nirudi kurasa za mwisho.